ADA ZA KUTUNZIWA DHAHABU NA AKIBA YA UZEE

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa tawi la Singida. Inachapwa hapa kwa ombi la wengi waliohudhuria.)



Desturi yetu ni mkubwa kusema na mdogo kusikiliza, na mimi ni mdogo. Sina mvi kichwani, wala sijapokea pensheni. Lakini kazi yangu ni hesabu, na hesabu haiulizi umri wa mtu anayeiandika. Basi naomba mnivumilie, na nikikosea, wazee mnisahihishe papa hapa.

Jambo nililochagua kulisema ni ada anazolipa mtu akiweka akiba ya uzee wake katika dhahabu na kumpa mtu mwingine aitunze. Huenda baadhi yenu mtasema, "Karani huyu anatuletea habari za matajiri wa Ulaya." Sivyo. Mkoa wetu unakaa juu ya dhahabu, na kila mwaka mtumishi mmoja au wawili wetu hustaafu, wakapata fedha ya mkupuo, wakashawishiwa kuigeuza iwe dhahabu. Naanza kwa habari ya mmoja wao, kwa maana ndiye aliyenifanya nijifunze mambo haya.

Mzee huyu alikuwa mkubwa wangu ofisini nilipoanza kazi. Ndiye aliyenifundisha kupanga majalada, na ndiye aliyenikataza kutia sahihi karatasi nisiyoisoma. Alistaafu, akamaliza nyumba yake, akalipia shule ya mtoto wake wa mwisho, akabakiwa na Sh. 12,000,000. Mwaka 2022 mfanyabiashara mmoja, ambaye simtaji jina wala mji wake, akamwambia kuwa fedha ya karatasi hupungua nguvu kila mwaka, bali dhahabu haiozi. Maneno hayo ni ya kweli. Akamnunulia gramu 100 kwa bei ya Sh. 120,000 kila gramu, akamwambia, "Mzee, nyumbani kwako si salama. Iache katika sefu yangu." Mzee akauliza, "Na ada je?" Akajibiwa, "Mambo ya ada tutaelewana baadaye, sisi ni ndugu." Akapewa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: gramu 100. Basi.

Miaka miwili ikapita. Mwaka 2024 mama nyumbani akaugua, na mzee akaenda kuiuza dhahabu yake. Siku hizo bei ilikuwa imepanda sana duniani, naye alikwenda kwa furaha. Hesabu aliyopewa nilikuja kuinakili mwenyewe, nanyi isikilizeni. Kwanza aliambiwa kuwa dhahabu ilipoyeyushwa ilipungua ikawa gramu 93. Pili, kuwa usafi wake ni mdogo, kwa hiyo bei yake ni Sh. 140,000 kwa gramu, jumla Sh. 13,020,000. Kisha yakaanza makato. Kodi ya sefu, miezi 24 kwa Sh. 100,000 kila mwezi, Sh. 2,400,000. Ujira wa ulinzi, Sh. 600,000. Kuyeyusha na kupima, Sh. 150,000. Makato yote Sh. 3,150,000. Mzee akarudi nyumbani na Sh. 9,870,000.

Mabwana, angalieni ajabu hii. Bei ya dhahabu ilipanda, na fedha ya mzee ikashuka. Hakuibiwa usiku, wala mlango haukuvunjwa. Alipunguziwa kwa ada ambazo hakuziuliza siku ya kwanza. Aliponiomba nimwandikie barua ya kudai, nilitafuta karatasi ya kushikia, sikuipata. Kikaratasi kile hakikutaja usafi, wala namba, wala kiasi cha ada. Tena tulipoulizia, tukaambiwa jambo la kutisha zaidi, nalo nitalieleza mbele. Yule mzee aliyenikataza kutia sahihi nisichokisoma alikuwa ameweka uzee wake wote katika jambo lisiloandikwa.

Sasa tuangalie kwa nini watu huipenda dhahabu, tusije tukawaona wajinga. Sisi wa Singida tunaijua tangu zamani. Mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ulianza kufanya kazi wakati wa Wadachi, mwaka 1909. Vita vilipokuja na meli zikazuiwa, serikali yao ikaishiwa sarafu, nayo mwaka 1916 ikapiga huko Tabora sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Sarafu ile ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu. Zilipigwa elfu kumi na sita na zaidi. Wakati huohuo zilichapwa noti nyingi za karatasi. Leo noti zile ni vitu vya makumbusho, bali sarafu ya tembo ingali na thamani hata ukiiyeyusha. Siku zetu hizi upo mgodi mkubwa katika Wilaya ya Ikungi, karibu na Mang'onyi, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023, na wachimbaji wadogo wapo mahali pengi. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini nchini, na mji wetu unalo soko lake. Kwa hiyo mtumishi wa Singida kuifikiria dhahabu ni jambo la kawaida, kama mtu wa pwani kuifikiria minazi.

Lakini sifa moja haitoshi kuondoa hesabu. Mwezi wa Januari mwaka 1980 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31 na kidogo, ilifika dola 850 za Marekani. Kisha ikaanguka, mwaka 1999 ilikuwa kama dola 250. Haikuipita tena ile 850 mpaka mwaka 2008. Mtu aliyestaafu kwa miaka 60 akainunua siku ile ya Januari 1980 alingoja mpaka awe na miaka 88 ndipo aione bei aliyonunulia. Na katika miaka ile yote 28, ikiwa iliwekwa katika ghala la mtu, alikuwa akilipa ada kila mwaka. Ni kweli kwamba baadaye ilipanda, na mwaka 2025 ikapita dola 4,000. Bei hupanda na kushuka, hakuna aijuaye kesho yake. Ada haishuki wala haisahau siku yake. Ndiyo maana nasema mtu asiyejua bei ya kesho anaweza walau kuijua ada ya leo.

Nataka nieleze jambo hili kwa mfano wa kwetu. Wazee wa Kinyaturu na wa Kinyiramba wana desturi ya zamani ya kumpa mtu mwingine ng'ombe amlishie. Mwenye ng'ombe hakumlipa mchungaji fedha. Mchungaji alikunywa maziwa, akatia samadi shambani mwake, na ndama akabaki wa mwenyewe. Maziwa ndiyo yaliyokuwa ada. Ng'ombe alimlipa mtunzaji wake kwa mwili wake, na bado akamzidishia mwenye mali. Dhahabu haina maziwa, wala haizai. Iweke miaka kumi, gramu 100 zitakuwa gramu 100. Basi mtunzaji wa dhahabu atalipwa na nini? Hana budi kulipwa na mfuko wako, au na dhahabu yenyewe. Mtu akikuambia, "Nitakutunzia bure," jiulize huyu anakunywa maziwa gani.

Sasa twende Marekani kidogo, kwa sababu huko jambo hili limewekwa katika sheria, nasi tunaweza kujifunza bila kulipa karo. Huko mtu binafsi anaweza kufungua hesabu yake ya akiba ya kustaafu, na serikali humpunguzia kodi kwa ajili yake. Zamani hesabu hiyo haikuruhusiwa kuwa na madini. Mwaka 1986 zikaruhusiwa sarafu fulani za dhahabu na fedha za serikali yao, na sheria ya mwaka 1997 ikaongeza mikuo, yaani vipande vilivyoyeyushwa na kupigwa chapa, ya dhahabu, fedha, platinamu na paladiamu. Lakini mkuo wa dhahabu lazima uwe na usafi wa sehemu 995 katika 1,000, na wa fedha sehemu 999. Tena mwenye hesabu haruhusiwi kuuweka mwenyewe. Lazima ukae mikononi mwa benki au msimamizi aliyekubaliwa na serikali.

Walikuwako mume na mke waliodhani wamepata njia ya kukwepa ada. Walifungua hesabu kwa njia ya kampuni ndogo yao, na sarafu za dhahabu za mke wakaziweka katika sefu ya nyumbani. Shauri likafika mahakama ya kodi, na mwezi wa Novemba mwaka 2021 ikaamuliwa kuwa mke alikwisha kuichukua mali ile mkononi, kwa hiyo atozwe kodi kana kwamba ameshaitoa katika akiba, na adhabu juu yake. Waliokoa ada ndogo, wakalipa kubwa.

Basi huko Marekani mwenye hesabu ya namna hii ana watu watatu wa kuwalipa. Wa kwanza ni muuzaji, aliyemuuzia madini. Wa pili ni msimamizi wa hesabu, anayeandika vitabu na kupeleka taarifa serikalini. Wa tatu ni mwenye ghala, anayeweka madini katika chumba cha chuma na kuyakatia bima. Kila mmoja ana ada yake, na matangazo mengi humtaja mmoja tu. Yupo anayepiga kelele kuwa mwaka wa kwanza ghala ni bure. Ukitazama, amekwisha kujilipa katika bei ya kuuzia. Hapo ndipo kazi ya kulinganisha inapoanza, nami nitaigawa katika sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni ada ya kiasi kimoja na ada ya asilimia. Msimamizi mmoja hutoza kiasi kilekile kwa kila mtu, mwenye nyingi na mwenye chache. Mwingine hutoza sehemu ya thamani. Tuchukue mfano kwa shilingi. Bwana wa kwanza atoza Sh. 300,000 kwa mwaka, awaye yote. Bwana wa pili atoza nusu ya asilimia moja. Mtu mwenye dhahabu ya Sh. 20,000,000 kwa bwana wa pili atalipa Sh. 100,000 tu, kwa bwana wa kwanza atalipa mara tatu yake. Lakini mwenye Sh. 100,000,000 kwa bwana wa pili atalipa Sh. 500,000, na kwa wa kwanza atalipa 300,000 zilezile. Mahali wanapokutana ni Sh. 60,000,000. Chini ya hapo, asilimia ni nafuu. Juu ya hapo, kiasi kimoja ni nafuu. Basi mtu asiulize, "Ni yupi mwenye ada ndogo?" Na aulize, "Ni yupi mwenye ada ndogo kwa mali niliyo nayo mimi?" Sisi watumishi wa ngazi za chini tuna mali kidogo, kwa hiyo ada ya kiasi kimoja ndiyo adui yetu. Hata Marekani, mtu mwenye dola 10,000 akilipa dola 200 kwa mwaka, msimamizi na ghala pamoja, amelipa asilimia 2, na baada ya miaka kumi sehemu moja ya tano ya mali yake ya kwanza imekwenda. Tajiri mwenye dola 100,000 akilipa zilezile 200 hazioni.

Sehemu ya pili ni miaka. Ada ya mwaka mmoja huonekana ndogo, na ndivyo inavyotudanganya. Mtu akistaafu na miaka 60, Mungu akimjalia, atahitaji akiba kwa miaka 15 na zaidi. Ile Sh. 300,000 kwa miaka 15 ni Sh. 4,500,000, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya zile milioni 20. Ile nusu ya asilimia, bei ikikaa palepale, itakuwa imekula kama Sh. 1,450,000 kwa muda huohuo. Tofauti yake ni zaidi ya Sh. 3,000,000, na hiyo si fedha ya kuchezea mtu asiye na mshahara.

Sehemu ya tatu ni mlango wa kuingilia na wa kutokea. Muuzaji huuza juu ya bei ya soko, na hununua chini yake. Tuseme anauza asilimia 4 juu, na ananunua asilimia 3 chini. Ukimpa Sh. 20,000,000 asubuhi, ukabadili nia jioni, utapata kama Sh. 18,650,000. Umepoteza Sh. 1,350,000, na jua halijatua. Hii nayo ni ada, ingawa haikuandikwa popote kwa jina hilo. Kwa mtu ambaye huenda akahitaji fedha ghafla kwa ugonjwa, mlango huu ni mwembamba kuliko ada ya ghala. Mzee wangu yalimkuta haya haya.

Sehemu ya nne ni namna ya kuwekewa. Mnajua stakabadhi za ghala la mazao. Mtu anaweza kupeleka alizeti ikachanganywa na ya wengine, akapewa karatasi ya uzito. Au anaweza kukodi chumba, magunia yake yakakaa peke yake na jina lake. Dhahabu ni vivyo hivyo. Ipo ya kuchanganywa, ambayo ada yake ni ndogo au haipo, lakini wewe huna kipande unachoweza kukinyoshea kidole. Unamdai mwenye ghala tu, na akifilisika unasimama mstarini pamoja na wadai wengine. Ipo iliyotengwa, yenye namba ya mkuo, uzito na usafi, iliyoandikwa jina lako. Ada yake ni kubwa zaidi, lakini mali ni yako hata ghala likianguka. Kwa hiyo ada ndogo si nafuu sikuzote. Lazima ujue ada ile inanunua nini.

Huenda mtu akauliza, "Je, hakuna pahali pa kutunziwa bila kodi?" Pahali pamoja papo, lakini si petu. Benki Kuu ya Marekani iliyoko New York ina chumba cha dhahabu chini ya ardhi, na humo serikali nyingi za dunia zimeweka mikuo yao. Haitozi kodi ya kukaa. Hutoza ada mikuo ikiingia, ikitoka, au ikihama kutoka mwenyewe mmoja kwenda kwa mwingine. Walakini haipokei hesabu za mtu binafsi.

Kwa watu wa kawaida imetokea njia nyingine: mfuko unanunua dhahabu nyingi, unaiweka ghalani, na kuuza vipande vya umiliki katika soko la hisa. Mfuko mkubwa kuliko yote, ulioanza New York mwaka 2004, hutoza sehemu 4 katika kila 1,000 kwa mwaka, na ndani yake mna ghala na usimamizi. Karibu na kwetu, katika soko la hisa la Nairobi, mwaka 2017 uliandikishwa mfuko wa namna hiyo kutoka Afrika Kusini. Kipande chake kimoja kilipoanza kilikuwa kama sehemu moja ya mia ya wakia. Lakini sikilizeni jinsi ada inavyolipwa: mfuko haukuletei karatasi ya deni, huuza dhahabu kidogo kidogo, na kipande chako hupungua uzito wake mwaka hata mwaka. Ndilo nililolisema. Dhahabu haina maziwa, basi mtunzaji hula nyama yake.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Tanzania sheria haina hesabu ya kustaafu ya dhahabu kama ile ya Marekani. Sisi tuko chini ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyotangulia. Mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri hutoa 15. Siku ya kustaafu sehemu hutolewa kwa mkupuo, na iliyobaki huwa pensheni ya kila mwezi. Mnakumbuka manung'uniko ya mwaka 2022, mkupuo ulipowekwa asilimia 33. Mwaka 2024 serikali ikaurudisha mpaka 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikiwalipa nusu. Basi ile pensheni ya mwezi hatuwezi kuigeuza dhahabu hata tukitaka, nami nasema ni heri. Hatari yote iko katika mkupuo, kwa maana ndiyo fedha pekee inayokuja mkononi mwetu, na siku inapokuja, wenye maneno matamu nao wanakuja.

Na hapa ndipo lilipo lile jambo la kutisha nililoahidi kulieleza. Sheria ya Madini haimruhusu kila mtu kuwa na madini ghafi wala kuyafanyia biashara. Yapasa awe na leseni, au awe ameyapata kwa njia iliyoidhinishwa, na mauzo yapitie masoko ya madini ambako serikali hupata mrabaha wake wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mzee wangu hakuwa na leseni, wala hakuwa na karatasi ya soko. Kwa hiyo alipotaka kwenda kushitaki, alionywa kuwa huenda yeye mwenyewe akaulizwa swali asiloweza kulijibu. Alinyamaza. Mtu aliyemtumikia Serikali kwa miaka zaidi ya thelathini bila doa alinyamaza kama mwizi, kwa sababu ya gramu 93.

Tena tusisahau kuwa Benki Kuu yetu yenyewe imekuwa ikinunua dhahabu ya nchi hii na kuiweka kuwa akiba ya taifa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaopeleka nje wametakiwa kutenga walau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa humu nchini. Akiba ile ni yetu sote, na hatulipi kodi ya sefu.

Sisemi dhahabu ni mbaya. Nasema mtu mwenye mali kidogo asiifanye nguzo ya nyumba yake, na akiitaka, ailinganishe na vitu vingine vinavyozaa, kama hati fungani za serikali, ambazo humlipa mwenyewe riba mara mbili kwa mwaka. Huko mtunzaji anakula katika maziwa. Na yeyote atakayeshika dhahabu, kwa njia halali, naomba ayaulize maswali haya, na majibu ayapate kwa maandishi kabla ya kutoa senti moja:

1. Ada zote kwa mwaka mmoja ni shilingi ngapi, za msimamizi, za ghala na za bima pamoja?

2. Ni kiasi kimoja au ni asilimia? Na ni asilimia ya bei niliyonunulia, au ya bei ya siku hiyo?

3. Unaniuzia kwa bei gani, na leo hii ungeinunua tena kwa bei gani?

4. Dhahabu yangu imetengwa au imechanganywa? Namba yake, uzito wake na usafi wake ni upi?

5. Ikiibiwa au ikiungua, ni nani atakayenilipa, na hati ya bima iko wapi?

6. Nikitaka kuitoa nitalipa nini, na nitangoja siku ngapi?

7. Leseni yako ni ya namba gani, na karatasi ya soko iko wapi?

Mtu akichukizwa na maswali haya, hiyo ndiyo jawabu lake.

Bwana Mwenyekiti, kabla sijaketi nina shauri moja la kuliweka mbele ya chama. Tuchague watu watatu, mmoja awe mzee aliyestaafu, waende wakaulize benki za mji huu na maofisa wa soko la madini juu ya ada za kuwekewa vitu vya thamani, kisha waandike majibu katika karatasi moja, safu kwa safu, nayo ichapwe katika gazeti letu kila mwaka. Kila mwanachama apewe karatasi hiyo miezi sita kabla ya kustaafu, pamoja na maswali saba. Kazi hii ni ndogo kwa watu waliozoea kupanga safu za tarakimu maisha yao yote. Tumewahesabia wengine fedha zao kwa uangalifu, hata senti moja haikupotea. Haifai tushindwe kuzihesabu zetu wenyewe.

Yule mzee wangu yu hai, na mama amepata nafuu. Nilimwomba ruhusa ya kuisema habari yake bila kutaja jina, naye akanijibu, "Isome. Mimi niliona haya kumuuliza rafiki juu ya ada, na haya hiyo imenigharimu zaidi ya milioni tatu. Waambie waulize."

Nami nimewaambia.